Inafaa ni Shemeji

Damu ya mwalimu ilikuwa imefika mpaka kwenye kopo la chaki. Chaki zilikuwa zimeinywa zikawa nyekundu nusu, nyeupe nusu, kama vijino vya mtoto aliyeanguka kifudifudi. Mpelelezi wa kike alichuchumaa kando ya kopo hilo, mikono magotini, asiguse kitu. Askari wenzake walimbandika jina la Koleo kwa kuwa akishika haachii, na jina likamganda mpaka mama mkwe wake naye akawa analitumia.

Chumba kilikuwa juu ya duka la saruji. Kulikuwa na madawati ya mbao za kupigia zege, ubao mweusi, na pembeni vipande vya nondo, matofali na ndoo ya mchanga, vyote vya kufundishia. Humo ndimo mafundi walimokuja baada ya kazi kujifunza kusoma na kuandika maelekezo ya ujenzi, zile karatasi zinazosema zege lichanganywe vipi, nondo zipangwe vipi, mirunda, ile miti ya kuegemeza, isimame chini ya slabu mpaka lini. Wengine walikuwa wamejenga maghorofa tangu ndevu hazijaota bila kusoma hata moja. Walijenga kwa macho na kwa mazoea. Na mazoea yana tabu, maana siku yakikosea hayakosei peke yake. Yanamwangukia mwana wa mtu.

"Bado anapumua," alisema mwanamke aliyesimama mlangoni. Huyo alikuwa mwenye duka la chini, naye mwanafunzi wa hapo hapo juu. Mtaa mzima ulimwita Mama Saruji. "Natoka hospitali. Taya limevunjika, jicho moja huwezi kujua kama ni jicho. Hajitambui. Mwanamke yule, afande, hata inzi alikuwa akimfukuza kwa adabu."

"Nielezee jana tena. Polepole."

"Jana tulikuwa wawili tu darasani, mimi na Kobe. Wengine wameogopa kuja tangu slabu ile ilipoanguka."

Koleo aliijua habari ya slabu, nani asiyeijua. Kwenye jengo la barabara ya pili, mirunda ilitolewa zege likiwa bado bichi, sakafu ya juu ikashuka na kumbana fundi mwashi aliyekuwa chini akipiga plasta. Walimtoa kwa vipande. Fundi huyo alikuwa mdogo wake Kobe, na Kobe alikuwa mkunja nondo wa jengo lile lile.

"Kobe alikuja na hasira?"

"Alikuja kama mtu aliyemeza kaa la moto. Akamwambia mwalimu, 'Nyinyi mnaoandika ndio mmemuua mdogo wangu.' Mwalimu hakukasirika. Alichukua chaki akaandika maneno mawili ubaoni. Hayo hapo."

Ubaoni, juu ya tone la damu lililochuruzika likakauka, yalisomeka: INAFAA. LAZIMA.

"Akasema, 'Mdogo wako ameuawa na neno. Karatasi ya jengo lile imeandikwa inafaa mirunda ibaki mpaka zege likomae. Ilitakiwa iandikwe lazima.' Mimi nikauliza tofauti ni nini, si yote yanasema ibaki? Hapo ndipo akatuchekesha, Mungu amponye." Mama Saruji alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Alisema, 'Inafaa ni shemeji. Akija kula, karibu. Asipokuja, hakuna wa kumuuliza. Lazima ndiye mume. Asipolala nyumbani, ataeleza.' Tulicheka, hata Kobe. Na yeye mwenyewe akacheka, akasema, 'Haya nimeyatunga sasa hivi, msiniibie.'"

"Halafu?"

"Tukashuka, Kobe akaenda zake, mimi nikaanza kufunga duka. Nikasikia kishindo, kama gunia limeangushwa, kisha kingine. Nilipomaliza kufunga, nikapanda. Nikamkuta Kobe amepiga magoti, kichwa cha mwalimu kimemlalia mapajani, na nondo yenye damu ubavuni. Nilipiga yowe mpaka sauti ikakatika."

"Nyuma kuna ngazi nyingine?"

"Ya uani. Haifungwi."

Koleo aliinuka akaiendea ile nondo. Ilikuwa na damu toka mwanzo hadi mwisho, imepakwa sawasawa kama siagi kwenye mkate. Aliitazama kwa muda. Nondo imezungukwa na matuta madogo, na ukimpiga nayo mtu inamwachia alama za matuta hayo kwenye ngozi. Daktari alikuwa amemwambia kwa simu kwamba majeraha ya mwalimu yamenyooka kama yaliyopigwa rula, na kwenye shavu kuna alama ya pembe. Tena hapakuwa na unywele hata mmoja kwenye nondo ile.

Hii haijampiga mtu, aliwaza. Hii imeogeshwa damu.

Akalala tumbo chini kama anayetafuta kiatu. Nyuma ya mguu wa meza ya mwalimu kitu kilimeta. Kilikuwa kigae cha bomba dogo la kioo, dogo kuliko kidole cha mtoto, ndani yake kumebaki doa la maji ya kijani.

"Chako hiki?"

Mama Saruji alikiinamia. "Kama kichupa cha manukato ya kujaribia. Ila mimi na mwalimu hatujipaki. Nani anajipaka manukato aje kunusa saruji?"

*

Getini mwa kituo mafundi walikuwa wamejaa, na mawe mikononi mwao hayakuwa ya kujengea. Mwalimu alikuwa wao. Ndiye aliyewafundisha kusaini majina yao badala ya dole gumba. "Tupeni Kobe!" walipiga kelele. Jiwe moja lilitua kwenye boneti ya gari la Koleo. Mkuu wa kituo alichungulia dirishani kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi mama yake Kobe, viatu vyake amevivua na kuvipanga pembeni kama yuko msikitini. Wiki iliyopita alimzika mmoja. Huyu ndiye aliyebaki.

"Mwanangu," alimwambia Koleo, "nasikia anapigwa."

"Nakwenda kumwona, mama."

"Hana kinywa cha kujitetea huyo. Tangu mdogo, ukimgusa anarudi ndani ya gamba. Usimwone kimya ukadhani ana hatia."

Ndani, Sajini Rungu alikuwa amekunja mikono ya shati. Kobe alikuwa sakafuni, mdomo wa chini umepasuka kama tunda.

"Anakaribia, afande," Sajini alisema.

"Anakaribia kufa au kusema?"

"Lolote litakalotangulia." Alicheka peke yake.

Koleo alimketisha Kobe ukutani, akamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa. "Jana mwalimu alipowaeleza lile neno, ulimuuliza nani aliyeliandika?"

Kobe alitema damu kando. "Nilimuuliza."

"Akasema?"

"Akasema anamjua. Karatasi ile aliisahihisha yeye mwenyewe, aliandika lazima kwa wino mwekundu, aliyeiandika akaenda akarudisha inafaa. Akasema leo atamtaja mbele ya tume inayochunguza slabu ile."

"Kwa nini ulirudi darasani?"

"Kofia. Nilisahau kofia."

"Ulimwona mtu?"

"Nilisikia mlango wa uani. Nikamwona yeye chini. Sikumfuata aliyetoka, nikamshika yeye." Macho yalimjaa. "Alikuwa anajaribu kunitajia, afande. Taya halikukubali."

Koleo alimfunulia kigae cha kioo kwenye leso. Kobe hakufikiri hata kidogo.

"Jicho la pimamaji hilo. Hiyo kijani ndiyo inaogelea povu, unajua kama ukuta umelala au umesimama."

Pimamaji. Kipande kirefu cha chuma, kimenyooka kama rula, kina pembe nne. Koleo alikunja leso yake.

"Jengo la barabara ya pili, nani ana pimamaji ya chuma?"

"Mmoja tu. Nyapara."

Koleo alisimama. Nyapara yule alikuwa mdogo wa mume wa mwalimu. Jana usiku alikuja hospitali akalia kwa sauti kuliko ndugu wote, mpaka muuguzi akamtoa nje.

Kelele za getini zilipanda, kioo kikavunjika mahali. Koleo alikuwa ameshashika kitasa, kichwa chake kimeshafika barabara ya pili. Alimgeukia Sajini nusu bega.

"Ingefaa asiguswe mpaka nirudi."

"Sawa, afande."

*

Jengo lilisimama na upande mmoja umebomoka, nondo zimetoka nje kama mbavu za mzoga. Upande wa pili kazi ilikuwa inaendelea. Hapo Koleo alisimama kwanza akatazama, maana mtu wa upelelezi akifika mahali na mdomo wazi, macho yanafumba.

Aliona mafundi wawili wakipima usawa wa ukuta kwa mpira wa maji. Aliona nguzo moja ya nyuma kabisa imefungwa mbao na inaandaliwa kumwagiwa zege, ilhali za mbele hazijaguswa. Na aliona Nyapara amesimama kando ya nguzo hiyo, akiwaharakisha wabeba karai.

"Kwa nini mnaanzia nyuma?" alimnong'oneza fundi aliyekuwa karibu.

"Muulize mwenyewe. Tangu kuzaliwa sijaona mtu anaanza kuvaa shati kwa kifungo cha chini."

"Na mpira wa maji?"

"Anasema pimamaji imeibiwa jana."

Koleo alisogea. "Baba, pole na mgonjwa."

Nyapara aligeuka. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye sauti iliyozoea kufika ghorofa ya tatu bila simu. "Asante, mama. Shemeji yangu mimi si shemeji, ni dada. Mmeshamnyonga yule mshenzi?"

"Bado. Simamisheni zege hilo kidogo."

"Zege halisubiri, mama. Zege si wali."

"Wekeni chini," Koleo aliwaambia wabeba karai, na karai zikawekwa. "Baba, karatasi ya maelekezo ya jengo hili, nani aliiandika?"

"Mimi. Niliiandika darasani kwa shemeji, kama zoezi, wakubwa wakaipenda."

"Akakusahihisha."

"Mwalimu lazima asahihishe. Ndiyo kazi yake."

"Akaandika lazima mirunda ibaki. Wewe ukarudisha inafaa."

"Neno tu hilo!" Aliinua mikono, akatafuta macho ya mafundi wake. "Jamani, kuna mtu amewahi kuona neno linabeba slabu? Mirunda nilikuwa naihitaji juu. Ukiandika lazima unajifunga kamba mwenyewe. Ukiandika inafaa, mtu mzima anatumia akili."

"Na akili hiyo ikamuua mwashi."

"Ajali!"

"Shemeji yako hakuona hivyo. Alikuwa anakwenda kukutaja leo."

"Shemeji yangu!" Mshipa wa shingo ulimtuna. Alikuwa amebeba kitu hicho tangu jana na kilikuwa kinamchoma. "Shemeji yangu ndiye wa kunifanya mimi kichekesho? Mimi niliyemchimbia msingi wa nyumba yake? Eti shemeji akija kula karibu, asipokuja hakuna wa kumuuliza! Mbele ya muuza saruji na mkunja nondo! Wanacheka!"

Mwenye sepetu aliacha kukoroga.

"Alisema lini hayo?" Koleo aliuliza kwa upole.

Nyapara alijua. Mtu akijikwaa kwa ulimi, huona shimo akiwa ameshaanguka.

"Husema... husema siku zote."

"Aliyatunga jana, na walioyasikia ni wawili. Mmoja yuko kwangu tangu jana, mwingine tangu jana yuko hospitali au mbele yangu. Wa tatu alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa uani, anangoja hao wawili waondoke." Koleo aliinama akachungulia ndani ya zile mbao za nguzo. Chini kabisa, kati ya nondo, kitu cha chuma kilikuwa kimelala, kirefu, na tundu la jicho lake liko tupu. "Wa tatu alikuja na hii."

Hakumaliza kuinuka. Sepetu ilimpitia juu ya sikio ikapasua ubao. Nyapara aliichomoa, akaleta pigo la pili kwa bapa, likampata Koleo begani, mfupa ukalia. Alianguka kwenye rundo la mchanga. Mwanamume akateka saruji kavu kwa kiganja akammwagia usoni, na macho yake yakawaka moto. Kisha vidole vile vipana vikamkaba koo. Koleo hakuona kitu. Alipapasa, akashika tofali, akalipeleka juu bila kuuliza. Pua ikavunjika. Akapiga tena, na tena, mpaka vidole vikalegea, ndipo akajiviringisha akamkalia mgongoni, akaukunja mkono wa Nyapara juu mpaka akapiga kelele kama mbuzi.

Pingu zilipolia, akasikia kishindo cha miguu. Akajipangusa jicho moja kwa mkono wenye jasho. Mafundi walikuwa wamewazunguka. Yule wa mpira wa maji alikuwa ameinua tofali kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Nyapara.

"Mwashi yule nilikula naye sahani moja," alisema. "Ondoka, mama, tusije tukakuumiza."

"Marufuku!" Koleo alinguruma, damu ya sikio inamwingia mdomoni. "Hakuna kumgusa! Atakayemgusa nitamfunga pingu hizi hizi!"

Tofali lilishuka polepole likawekwa chini. Nyapara alikuwa analia machozi ya saruji. "Nilitaka anyamaze tu," alisema. "Nilimpiga la kwanza, akaniangalia kama ananisahihisha."

*

Getini, walipomwona Nyapara na pua yake na walipoambiwa, mafundi wakaangusha mawe yao, mmoja mmoja. Koleo alipita katikati yao bega likiwa limening'inia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyewahi.

Mama yake Kobe alisimama. "Anatoka?"

"Anatoka, mama. Njoo umchukue mwenyewe."

Walikwenda pamoja hadi mwisho wa ukumbi. Mlango wa mahabusu, wa chuma, ulikuwa wazi, na kwenye ukingo wake kulikuwa na damu mbichi. Kobe alikuwa ameegemea ukuta, uso wa kijivu, na mkono wake wa kulia ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Vidole havikuwa vinaelekea upande mmoja. Vilikuwa vimebanwa mlangoni na mlango ukafungwa juu yake.

Sajini Rungu alikuwa anajifuta kwa kitambaa.

"Nilikwambia nini?" Sauti ya Koleo haikutoka vizuri, koo lilikuwa bado na alama za vidole.

Sajini alimtazama moja kwa moja. Hakuwa na dharau, na hilo ndilo lililotisha. "Ulisema ingefaa asiguswe, afande. Kisha Mkuu akaja, mawe yanavunja vioo, akasema lazima aseme kabla hawajaingia. Sasa mimi, kati ya ingefaa na lazima, nifuate lipi?"

Koleo alimpita akaingia mahabusu.

Mama yake Kobe alikuwa ameshapiga magoti. Hakupiga yowe. Aliuinua ule mkono kwa viganja vyake viwili, akaupulizia kama unavyopulizia kidole cha mtoto aliyejichoma.

"Nilidhani huu ni wa kukunjia nondo tu," alisema, kana kwamba anamweleza mgeni. "Juzi akanionyesha. Ameandika jina la mdogo wake nao. Herufi kubwa kubwa."

Koleo alisikia neno linamjia ulimini, lile la kwanza, laini, la shemeji: inafaa apelekwe hospitali. Akalitafuna, akalimeza pamoja na damu.

"Lazima apelekwe hospitali sasa hivi," alimwambia Sajini. "Wewe ndiye utakayembeba. Na ukirudi, lazima uvue mkanda huo wa kazi na kuuweka mezani kwangu."

Sajini Rungu alisimama wima, akabana visigino.

"Hilo nimelisikia, afande," akasema, akainama kumbeba Kobe.